Mchinjaji Aliyeuliza Majani Yamekatwa Wapi

Wapo watu hapa Uru, wengine wa ukoo wangu kabisa, wanaosema hadi leo kwamba mama yangu aliokolewa na Mswahili wa mjini. Nawaambia hawajui wasemalo. Mama yangu hakuokolewa na mtu. Alisimama kwa miguu yake mwenyewe. Lakini yule Mswahili namkumbuka kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya wajomba zangu, na kwa kuwa wako wanaomfanya shetani na wako wanaomfanya walii, nitamweleza mimi niliyemwona akila, akigomba na akikosea.

Tulimwita Mchinjaji. Jina alikuwa nalo, ila alisema jina ni la mjini, kwa mkewe na kwa imamu. Huku mlimani aitwe kwa kazi yake. Alichinja ng'ombe Moshi mjini wakati wa Mwingereza, na kila Jumanne alipanda kutafuta wanyama wa kununua kwa wakulima wa kahawa. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na mikono mirefu isiyolingana na kimo chake. Kanzu aliivaa wakati wa kushuka tu. Wakati wa kupanda aliikunja akaitia kikapuni, akabaki na shuka na fulana, kwa sababu, alisema, kanzu haikushonwa kwa ajili ya matope ya Wachaga.

Kiunoni alining'iniza kikombe cha bati. Kila nyumba aliyoingia palikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, na kata iliyochota mbege ndiyo hiyohiyo iliyochota maji. Hakutaka kumwaibisha mwenye nyumba wala hakutaka kumkosea Mungu wake, basi alikuwa akisema, "Nipe maji, bibi, ila yamimine humu." Wazee walimtania.

"Mchinjaji, hicho kikombe nacho kinaswali?"

"Kinaswali. Vyenu ndivyo vinavyoshinda kilabuni."

Hapo walicheka mpaka wakakohoa. Alipendwa kwa mdomo wake, na kwa mdomo huohuo alichukiwa.

Kwenye sherehe zenye wageni Waislamu alialikwa kuchinja, na hapo palikuwa na jambo gumu, maana wazee wetu hawakuona sherehe bila kisusio, ule mchuzi wa damu. Walikaa kando na sufuria wakijifanya wanatafuta kivuli. Yeye aliwajua. Akishachinja na kuitenga nyama ya wageni wake, alifuta kisu kwa jani la mgomba, akatangaza: "Sasa nageuka kuutazama Mawenzi. Nikigeuka tena, sitaki kuona sufuria hapa." Akageuka kweli, mikono nyuma, akautazama mlima kwa muda mrefu, hata siku ya ukungu ambapo hapakuwa na mlima wa kutazamwa.

Jambo lililowatisha watu ni maini. Hakuwahi kula ini, na kwetu ini ni kitu cha kugombewa. Kabla hajagusa nyama nyingine alilitoa ini, akaliweka juu ya jani, akalichana kwa urefu na kulibonyeza kwa dole gumba. Na kabla ya hapo, wakati mnyama angali amesimama, alikuwa na swali moja tu kwa mwenye mnyama. Wanunuzi wengine waliuliza umri, walishika nundu, walifungua mdomo wakahesabu meno. Yeye aliuliza, "Huyu majani yake yamekatwa wapi?"

Yapasa nieleze kwamba kwetu ng'ombe hachungwi. Anafungwa ndani ya nyumba, upande wake wa nyumba, na wanawake ndio wanaomletea chakula. Tulikuwa tukiteremka alfajiri hadi kule chini kwenye pori la tambarare, tunakata majani, tunapanda nayo kichwani. Ng'ombe wa Mchaga anaweza kuzaliwa, kuzaa na kuzeeka bila kuvuka mfereji. Kwa hiyo swali la Mchinjaji halikuwa la ng'ombe. Lilikuwa la mwanamke. Wanaume wengi hawakuwa na jibu, ikabidi wamwite mke, na hilo lilikuwa likiwaudhi sana.

Wengine walisema anapiga ramli kwa maini, kama waganga wa zamani. Akakasirika. "Mimi sisomi bahati ya mtu. Nasoma tumbo la ng'ombe. Ng'ombe hana siri akishafunguliwa." Alikuwa ameona, kwa miaka ya kufungua, kwamba wanyama waliolishwa kutoka sehemu fulani walikuwa na minyoo bapa ndani ya ini, mipana kama jani la mchai, mingine ikijikunja bado kisu kilipopita. Aliziweka sehemu hizo kichwani mwake. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika, lakini ungemtajia bonde lolote kutoka Kibosho mpaka Kilema angekwambia maini yake yalivyo.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mchinjaji aliwakosoa hata hao: "Nguoni ungemwona ukamuua. Huyu kajificha pabaya zaidi."

Kisa chake alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha pomboo. Sisi ni watu wa mlimani, bahari tuliisikia katika Injili tu. Alitueleza kwamba huko pwani alikotoka kuna mnyama wa majini anayezaa, anayenyonyesha, na mtoto wake huogelea ubavuni mwa mama bila kubanduka. Wazee walipiga makofi kwa kicheko. Samaki mwenye maziwa! Mmoja akamwuliza kama huwa anakamuliwa asubuhi au jioni. Mchinjaji hakucheka. Alisema alipokuwa kijana, pomboo mdogo alimwacha mama yake akaja kujitupa mchangani. Watu wakamsukuma majini. Akarudi. Wakamsukuma mara tatu, na mara tatu akarudi, akizunguka peke yake huku mama yake akingoja kule mbali. Wengine walisema ni jini, wengine wakasema ni mkaidi, mtoto asiyesikia la mama. Alipokufa, yeye na fundi aliyemfunza kuchinja walimpasua. Alikuwa mdogo kuliko alivyopaswa kuwa, mbavu zinahesabika. Mapafu yalikuwa yamejaa minyoo myembamba kama nyuzi, na mingine ilikuwa imepiga kambi ndani kabisa ya matundu ya masikio.

"Alikuwa hasikii, na pumzi haimtoshi," Mchinjaji alisema. "Angemfuata mama yake kwa kitu gani? Na sisi tulishampa jina la ukaidi."

Nilikisikia kisa hicho labda mara kumi, na kila mara aliishia hapo, na wazee waliendelea kucheka maziwa ya samaki.

Kwa sababu ya pomboo yule alikuwa hawezi kuvumilia mtoto kuitwa mvivu. Siku moja alipita karibu na shule yetu ya misheni, akamwona mwalimu akimchapa msichana aliyesinzia darasani. Msichana yule alikuwa na tumbo kubwa na miguu myembamba, na alikuwa na tabia ya kula udongo wa ukutani. Mchinjaji alisimama dirishani, kikapu begani.

"Mwalimu, huyo mpe dawa ya minyoo kwanza. Halafu umchape, kama mkono wako utakuwa bado una hamu."

Mwalimu alimwambia aende akafundishe ng'ombe. "Ng'ombe wangu hawasinzii," akajibu, na sisi tuliocheka tulichapwa wote. Lakini mama wa yule msichana alisikia, akampeleka hospitali. Baada ya miezi michache hakukuwa na mtoto mwenye kelele kuliko yeye, na mwalimu akaanza kumchapa kwa sababu ya kelele.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na kiburi. Alimtukana mtu mbele ya watoto wake kwa sababu ya kamba iliyofungwa vibaya. Alisema haogopi jicho baya, kwamba hayo ni mambo ya wasiofungua matumbo, na mwenyewe alimfunga mbuzi wake uzi mweusi shingoni. Nilipomwuliza akasema, "Mimi siamini. Huyu mbuzi sijui anaamini nini." Na alikuwa mwoga wa watu wakubwa wakati mwingine, jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima, na ambalo nitalieleza hata kama halimpendezi.

Ila kwa afisa mmoja wa Kizungu hakuogopa. Afisa huyo alikuja siku ya mnada akawaambia watu kwamba ndama wao wanadumaa kwa sababu mbegu yao ni duni na wafugaji wenyewe ni wavivu. Mkalimani akatafsiri. Watu wakatazama chini. Mchinjaji akasema kwa sauti, "Mwambie mbegu ni moja. Aliyekula pakavu ni mkubwa, aliyekula majimaji ni mdogo, na waliobeba hayo majani vichwani si wavivu, aje abebe yeye." Mkalimani hakuitafsiri yote. Hata hivyo Mchinjaji alifukuzwa mnadani siku hiyo, akaondoka akiimba.

Sasa nije kwetu.

Baba alifariki nikiwa mdogo, akamwacha mama na watoto wanne, kihamba, shamba letu la urithi la migomba na kahawa, na hakuna ng'ombe. Bila ng'ombe hakuna samadi, bila samadi migomba inakufa pole pole, na mjane ambaye migomba yake imekufa ataanza kusikia watu wakiuliza kama kihamba hicho hakifai kupewa mwanamume. Mama alipata ng'ombe kwa desturi yetu ya kufugishana: tajiri mwenye ng'ombe wengi anampa jirani mmoja amtunze. Mtunzaji anapata maziwa na samadi. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na baada ya ndama kadhaa mtunzaji hupewa mmoja awe wake. Mama alikuwa akimsubiri ndama huyo mmoja. Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake lote.

Aliyempa alikuwa mzee wa mtaa wa juu, mwenye kahawa nyingi na koti la sufu, tukimwita Meku kwa heshima ya uzee. Ng'ombe alikuwa mwema. Ndama wake ndio hawakukua. Wa kwanza alizaliwa mzuri, na alipoanza kula majani akabadilika. Hakuruka wala hakumpiga mama yake kichwa cha chuchu kama ndama wanavyofanya. Alisimama akiutazama ukuta. Manywele yakasimama, chini ya taya pakavimba maji. Meku akaja akamchukua akiwa hajafa, akampeleka mjini achinjwe. Wa pili akawa vilevile, naye akachukuliwa vilevile.

Ndipo maneno yakaanza. Ndama aliyedumaa ni ndama aliyenyimwa maziwa. Kila mtu anajua hivyo. Mjane anakamua mpaka tone la mwisho kwa ajili ya watoto wake, ndama wa watu anakufa njaa. Hawakusema "mwizi" mara moja. Walianza kwa kusema watoto wa fulani wamenawiri. Kisha wakalisema lenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilipigana kwenye mfereji na msichana aliyeniita mtoto wa maziwa ya wizi, nikamvunja jino. Sijutii hata leo.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mama yangu aliwapenda ndama wale kuliko alivyojipenda. Kiangazi, majani yote ya tambarare yalipokauka, wanawake wengine walikata unyasi mkavu wa kwenye miinuko wakaongeza vipande vya migomba, basi. Mama alisema ndama ni mtoto, hawezi kutafuna miiba. Alitembea mbele zaidi, mpaka kwenye majimaji ya chemchemi, akaingia tope hadi magotini, akakata majani mabichi laini yanayoota pale maji yanapoishia. Fungu hilo alilibeba peke yake, halikuchanganywa na la ng'ombe mkubwa. Lilikuwa fungu la ndama. Jirani yetu mmoja, aliyejulikana kwa uvivu, hakuwahi kufika huko, na ndama wake walikuwa wakivunja uzio.

Ndama wa tatu hakuweza hata kusimama apelekwe mjini. Meku akaita baraza kwa mchili, mkuu wa mtaa wetu, adai ng'ombe wake mbele ya watu. Na kwa kuwa ilikuwa Jumanne, akamwita Mchinjaji aje nyumbani kwetu ammalizie ndama kabla hajawa mzoga.

Mchinjaji alifika, akampiga ndama jicho moja, akamgeukia mama. Hakuuliza swali lake. Hilo nalikumbuka vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nimelisubiri. Alifanya kazi yake, akalitoa ini, akalichana, na mikono yake ikasimama. Kisha akalifunga ini lote katika jani la mgomba, akaliweka kichwani kama mwanamke anavyobeba mzigo, akasema, "Bibi, baraza liko wapi?"

Walikuwa wazee kama kumi na tano wamekaa juu ya magogo, na sisi watu wa kusimama. Meku alikuwa katikati ya maneno. Mchinjaji alipita mbele ya wote bila kuomba ruhusa, akalifungua jani miguuni pa mchili. Mama mmoja akapiga ukelele. Minyoo ilikuwa bado inatembea.

"Hawa ndio wezi wa maziwa," alisema. "Wahesabuni."

Meku alisimama. "Wewe ni mtu wa kuja. Mswahili hatufundishi sisi kufuga."

"Kufuga sijui, Meku. Kufungua najua. Ndama huyu tumbo lake lina maziwa. Alinyweshwa. Alichokula hakikumfikia yeye, kililiwa na hawa." Akamwelekea mama, sasa ndipo akauliza, kwa sauti ya chini: "Mama, majani ya huyu umekata wapi?"

Mama alijibu kwa kujivuna, maskini. Alisema kwenye chemchemi, palipo pabichi, ndani ya maji kabisa. Alisema hakuna mwanamke wa mtaa ule anayefika huko.

"Na ng'ombe mkubwa?"

"Huyo anakula ya kawaida. Haya yalikuwa ya mtoto tu."

Mchinjaji alifumba macho. Mama akamtazama, akalitazama ini, na nikaona uso wake unaelewa. Sijawahi kuona kitu kibaya kuliko hicho, na nimezika watu.

Meku alikuwa mwepesi. "Mmesikia wenyewe! Kama si mwizi, basi ni muuaji. Kaniulia ndama watatu kwa mkono wake. Namtaka ng'ombe wangu leo."

Watu wakaguna kukubali. Na ndipo mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusema barazani, akatoka katika kundi la wanawake akasimama karibu na lile ini.

"Humchukui," alisema. "Umeniita mwizi mwaka wa pili sasa. Jina hilo limekufa hapa, kila mtu kaliona. Hili jingine nakubali. Niliwalisha vibaya kwa sababu sikujua, na hakuna mwanamume hapa aliyejua, maana hakuna aliyewahi kukata majani. Sasa najua. Ng'ombe ana mimba. Huyo atakayezaliwa nitamlisha pakavu, na asipokua, njoo umchukue mama yake, mimi mwenyewe nitamfungua kamba. Kabla ya hapo ukija, utanikuta mlangoni na mundu."

Mchili alikuwa akikuna kidevu. Mchinjaji akaongeza lake: kwamba kama ng'ombe akichukuliwa siku ile, yeye hatanunua tena mnyama wa Meku, hata mbuzi, hata kuku, na mjini atawaeleza wenzake kwa nini. Watu walishangaa, maana Meku ndiye aliyemuuzia ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote mlimani. Mchili akasema ng'ombe abaki hadi ndama ajaye atimize mwaka.

Ndama huyo alikuwa jike. Mama alimkatia unyasi wa miinuko ya juu, palipo na mawe, akauanika juani siku nyingi kabla ya kumpa. Tulikuwa hatujawahi kuwa na ndama mtundu, hatukujua ndama ni mateso namna hii. Alikata kamba. Alitafuna kanga ya dada yangu. Alimpiga mama yake kichwa mpaka maziwa yakatoka yenyewe. Mchili alipokuja kukagua mwaka ulipotimia, ndama alimpiga kichwa cha tumbo akamkalisha chini, na mchili, akiwa bado amekaa, akasema kesi imekwisha. Meku, kwa aibu ya watu, akampa mama ndama huyohuyo. Akawa wake.

Tangu hapo watu wakaanza kusema Mswahili kamwokoa mjane. Kila Jumanne mama alimpa Mchinjaji maji katika kikombe chake, na yeye alikunywa akiwa amesimama. Sikujiuliza kwa nini hakai.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikawa na watoto, na Mchinjaji akaacha kupanda, magoti yalimkataa. Nilipokuwa na shughuli mjini nilipita kwake, mtaa wa Pasua, nikamkuta kibarazani, amepungua shingo. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mchinjaji."

"Marahaba, binti wa chemchemi. Keti. Nina neno lako na nimechoka nalo."

Aliniambia. Wale ndama wawili wa kwanza, walioletwa mjini na Meku, aliwachinja yeye. Alifungua maini yao. Aliuliza wanatoka wapi, Meku akajibu, kwa yule mjane anayewanyima maziwa. Kisha Meku akamwambia ini atupe, nyama auze, mdomo afunge, asije akamharibia soko la ng'ombe wake. Akaufunga.

"Miaka miwili," alisema. "Nilikuwa napita mlangoni kwenu nasikia mama yako akiitwa mwizi, nami ninajua. Nilimwogopa yule mzee kwa ajili ya biashara. Mimi niliyemjibu Mzungu."

Nilikasirika hata nikashindwa kuketi. Niliwakumbuka wadogo zangu wakilia, nikalikumbuka lile jino. Nilimwambia sina msamaha wa kumpa, kwa kuwa si mimi niliyeitwa mwizi. Alisema hakuwa ameuomba. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Mama nilimkuta akichambua kahawa. Nilimweleza yote kwa hasira, nikitaka akasirike na yeye. Aliendelea kuchambua. Mwishowe akasema, "Mwambie simtaki aje kwangu kuninong'oneza. Alininyamazia mbele za watu. Akitaka kusema, aseme mbele za watu."

Nilimpelekea neno hilo, nikadhani limeishia hapo. Mzee wa magoti yale angewezaje kupanda Uru?

Jumapili ya tatu baada ya hapo, tulipotoka kanisani baada ya misa ya pili, alikuwa amesimama uwanjani. Amevaa kanzu nyeupe, na upindo wote ni matope, maana safari hii hakuivua. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Watu walimzunguka wakidhani ana habari ya msiba. Meku alikuwepo, ameshikwa mkono na mjukuu. Mama alikuwa nyuma na wanawake wenzake.

Mchinjaji hakusalimia. Alisema kwa sauti ileile ya mnadani, japo ilikuwa inakatika. Akasema amefungua ndama watatu wa mama huyu, si mmoja. Akasema wawili wa kwanza alijua ugonjwa wao akanyamaza kwa kumwogopa mtu na kwa kuipenda biashara yake, na kwa miaka miwili mwanamke mwaminifu akaitwa mwizi huku yeye ana ushahidi mkononi. "Mnasema nilimwokoa," alisema. "Nilimchelewesha."

Baadhi ya vijana walicheka, wasijue linalosemwa. Meku alianza kuvutwa na mjukuu wake kuelekea njiani. Mama akamwambia mjukuu huyo, kwa upole, amwache babu asikilize mpaka mwisho. Akabaki.

Kisha watu wakapasua njia, na mama akaja mbele na rozari yake mkononi. Walikuwa wawili, wazee, mmoja na matope hadi magotini. Nilijua mama yangu anavyoweza kuwa mkali na niliogopa kwa ajili ya yule mzee, hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa bado nampenda.

Mama alimtazama juu mpaka chini. Akaongea kwa nguvu, waliokuwa mlangoni mwa kanisa wakasikia.

"Nimesikia, na hawa nao wamesikia. Sasa twende nyumbani ukakae chini ule, mtori wa ndizi unapoa."